Kelele kama Umbo: Uhakiki wa Mageuzi ya Roki ya Saikedeliki na Muziki wa Kelele nchini Japani

Wahakiki wengi huichukulia kelele katika muziki wa majaribio wa Japani kuwa ukanushaji wa muziki. Uhakiki huu unapinga mtazamo huo. Unatetea hoja kwamba kelele ilichipuka ndani ya roki ya saikedeliki, ikajitenga nayo, kisha ikairudia ikiwa imebadilika.

Hatua ya kwanza inawakilishwa na Les Rallizes Dénudés, kundi lililoanzishwa na Takashi Mizutani jijini Kyoto mwaka 1967. Katika nyimbo zake, besi hurudia kipande kifupi kwa dakika nyingi, ilhali gitaa la umeme huvuma hadi melodia inakaribia kuzama. Besi ndiyo nguzo pekee anayobaki nayo msikilizaji.

Hatua ya pili iliing’oa nguzo hiyo. Masami Akita, aliyeanza kurekodi kwa jina la Merzbow mwaka 1979, hatimaye aliacha wimbo na mapigo. Jina lake linatokana na Merzbau, kazi ya msanii Mjerumani Kurt Schwitters iliyojumuisha vitu vilivyookotwa. Chimbuko hilo lina uzito kihakiki: mabaki ya sauti hukusanywa na kupangwa, hayamwagwi ovyo. Hata hivyo, mkusanyiko wa Merzbox wa mwaka 2000, wenye CD 50, unadhihirisha udhaifu wa njia hiyo, kwani wingi usio na kikomo hufifisha tofauti baina ya kazi na kazi.

Hatua ya tatu inaonekana kwa Yamataka Eye. Mwaka 1985, akiwa na Hanatarash, aliingiza mashine ya kuchimbia ukumbini Tokyo na kuubomoa ukuta. Lakini kundi lake la Boredoms, katika Super æ (1998) na Vision Creation Newsun (1999), lilirejea kwenye ngoma na urudiaji. Vurugu, basi, haikuwa kikomo; ilikuwa njia ya kuyafikia mapigo upya.

Matokeo haya yanaigusa pia lugha ya uhakiki. Kijapani hutumia neno sōon kwa kelele za kero, na noizu, neno la mkopo, kwa sanaa hii. Katika Kiswahili, neno kelele hubeba maana zote mbili, pamoja na lawama yake. Mhakiki asipozitenganisha maana hizo, atakuwa ameihukumu kazi kabla ya kuisikiliza.