Upana wa Reli na Ncha ya Mshale: Uhakiki wa Makosa ya Vitu katika Filamu kwa Kurejelea Wilaya za Mbulu na Hanang

Miongoni mwa watazamaji wa televisheni wamo watu wanaoweza kuvumilia tamthiliya nzima kwa ajili ya sekunde chache ambazo treni hupita. Hao ni wapenzi wa reli. Hawashughulishwi sana na hatima ya mhusika mkuu. Huuliza kichwa kile cha treni kiliundwa mwaka gani, mabehewa yale yalianza lini kupakwa rangi ile, na njia ile ina upana gani. Wakibaini kwamba kisa kinadaiwa kutokea mwaka fulani ilhali kichwa cha treni kiliundwa miaka kumi baadaye, hutangaza kosa hilo kwa furaha ambayo watu wengine huiona ya kitoto. Wahakiki wa fasihi na filamu nao wamewaweka pembeni kwa hoja kwamba sanaa si hati ya forodha, na kwamba anayehesabu magurudumu hajaiona filamu.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Makala haya yanadai kwamba jicho la mpenzi wa reli ni chombo halali cha uhakiki, na kwamba udhaifu wake hautokani na kuhangaikia mambo madogo. Udhaifu wake ni kwamba linaweza kusahihisha kile tu ambacho tayari kimeandikwa mahali fulani. Dai hili linapimwa kwa kurejelea Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wilaya ambazo reli haizipiti kabisa: mwenye kuitafuta treni hana budi kushuka hadi Singida au kwenda Arusha. Wilaya hizi zimechaguliwa kwa sababu hiyohiyo. Mahali pasipo na treni ndipo inapoonekana kama jicho hilo lina kazi yoyote nje ya stesheni.

Ni vyema kuanza pale ambapo treni ipo. Filamu ya The Ghost and the Darkness, iliyoongozwa na Stephen Hopkins na kutolewa mwaka 1996, inasimulia kisa cha simba wawili waliowaua wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898, wakati John Henry Patterson aliposimamia ujenzi wa daraja. Filamu inamfungulia mtazamaji kwa ahadi kwamba kisa ni cha kweli. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwaka 1901, ilikuwa ya upana wa mita moja. Filamu ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini, nchi ambayo njia zake kuu zina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, isiyozidi upana wa kiganja, na mtazamaji wa kawaida hawezi kuitambua kwenye kioo. Hata hivyo, swali la upana humlazimisha mwenye kuuliza kuuliza pia filamu ilipigwa wapi, na akishajua kwamba Tsavo anayoiona si Tsavo, huanza kutazama kila kitu upya. Ndipo anapofika kwenye simba wenyewe. Simba wa filamu wana manyoya mengi ya shingoni. Simba wa Tsavo walikuwa madume yasiyo na manyoya hayo, na si jambo la kubishaniwa, kwa kuwa ngozi zao zilinunuliwa na Field Museum ya Chicago katika miaka ya 1920, na wamewekwa humo hadi leo kwa anayetaka kuwaona. Aidha, mwindaji wa Kimarekani aliyeigizwa na Michael Douglas ni mtu wa kubuniwa.

Mpaka hapo mpenzi wa reli ameshinda. Reli ina vipimo, simba wana ngozi, Patterson ana kitabu chake cha mwaka 1907. Lakini swali zito kuliko yote katika kisa hiki ni la idadi ya waliokufa, na hapo ushindi unakwama. Katika kitabu hicho Patterson alitaja vibarua 28 wa Kihindi, kisha akaongeza Waafrika wengi ambao kumbukumbu rasmi ya vifo vyao haikuwekwa. Baadaye alitaja jumla ya 135. Utafiti wa mwaka 2009 uliochunguza nywele na mifupa ya simba hao ulikadiria watu wapatao 35. Vibarua wa Kihindi walihesabika kwa kuwa majina yao yalikuwa kwenye orodha ya kazi. Waafrika hawakuwa na orodha. Filamu inaweza kusahihishwa kuhusu manyoya ya simba na isiweze kusahihishwa kuhusu maiti, na tofauti hiyo haitokani na uzembe wa mwongozaji peke yake. Inatokana na daftari la mwaka 1898.

Kwa nini basi filamu zihangaike na vitu vidogo hata kidogo? Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1968 kuhusu athari ya uhalisia, alieleza kwamba katika masimulizi ya kihalisia vimo vitu visivyosukuma msuko wala kumjenga mhusika. Kazi yake ni moja: kumwambia msomaji kwamba haya ni ya kweli. Treni inayopita nyuma ya wahusika ni kitu cha namna hiyo, na ikiwa ni ya mwaka usio wake, dhamana imetolewa kwa fedha bandia. Nadharia hii ingefaa pia kuamsha mjadala katika uhakiki wa Kiswahili, ambamo mandhari hupewa aya moja karibu na mwisho wa sura ya fani, baada ya wahusika na matumizi ya lugha, kana kwamba ni pazia tu la jukwaa. Mtahini aliyesoma tasnifu nyingi anaifahamu aya hiyo hata kabla ya kuifikia.

Katika Mbulu, vitu vinavyobeba dhamana ya uhalisia kwenye kioo ni vya Wahadzabe wa bonde la Yaeda. Filamu za makala na vipindi vya safari vinavyowahusu ni vingi, na vingi kati ya hivyo vina mwelekeo mmoja ambao hata majina huudhihirisha: filamu ya mwaka 2014 iliyoongozwa na Bill Benenson iliitwa The Hadza: Last of the First, yaani wa mwisho miongoni mwa wa kwanza. Sauti ya msimulizi katika vipindi vya aina hii hupenda kusema kwamba mtazamaji anaangalia maisha ya zama za mawe yasiyobadilika. Wakati sauti ikisema hivyo, kamera huwa imekaribia mshale. Ncha yake ni ya chuma.

Ncha hiyo ndiyo kichwa cha treni cha mahali hapa. Wahadzabe hufua wenyewe baadhi ya ncha kwa kugonga misumari, na nyingine huzipata kwa wahunzi wa Kidatoga, ambao hubadilishana nao kwa asali na nyama. Mshale mmoja kwa hiyo una ndani yake msumari wa dukani, mhunzi wa kabila jirani, soko la asali, na sumu iliyopikwa kwa utomvu wa mti wa nyikani. Ni historia ya mahusiano, nayo inamkanusha msimulizi katika picha ileile anayoisimulia. Anayeijua ncha ile, awe mfugaji wa Basotu au mkulima wa Dongobesh, huona kosa kwa haraka ileile ambayo mpenzi wa reli huona geji isiyo yake.

Tofauti ipo, nayo inageuza kazi nzima. Katika tamthiliya ya treni, kosa la kawaida ni kitu cha baadaye kilichoingia katika wakati uliopita. Katika picha za Yaeda, mtengenezaji wa kipindi tayari ana jicho la mpenzi wa reli, ila amelielekeza vibaya: ndoo ya plastiki, kaptura na simu huonekana kwake kuwa makosa, na huziepuka kwa uangalifu ambao mwongozaji wa tamthiliya ya kale huutumia kuficha nguzo za umeme. Tatizo ni kwamba kipindi hakidai kuwa tamthiliya ya kale. Kinadai kuonyesha leo. Kosa lililomo si kitu kilichoongezwa, ni kitu kilichoondolewa, na mtazamaji mjuzi hulazimika kufanya kazi ngumu zaidi ya kutambua ndoo isiyokuwepo. Hapa mpenzi wa reli anayeridhika kwamba kila kinachoonekana ni sahihi atakuwa amedanganyika kabisa.

Mfano wa ndege mwonyesha asali unalitia nguvu jambo hili. Simulizi inayopendwa ni kwamba mwindaji, baada ya kuongozwa hadi kwenye mzinga, humwachia ndege nta kama ujira, na sura hiyo ya shukrani kati ya binadamu na ndege hufunga kipindi vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Wahadzabe ulionyesha kinyume: mara nyingi walizika, walificha au walichoma masega yaliyobaki, ili ndege aendelee kuwa na njaa na kuendelea kuongoza. Kilichofutwa na simulizi ya shukrani ni akili. Mwindaji anayepanga njaa ya ndege ni mtu mwenye hesabu. Mwindaji anayelipa ujira kwa unyenyekevu ni pambo la nyika.

Kuhusu lugha, inatosha kutaja kwamba eneo la Mbulu na Hanang pamoja na majirani zake lina Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, lugha za Kibantu, na Kihadza ambacho wanaisimu wengi sasa hukichukulia kuwa hakina ndugu anayejulikana. Kwa sababu ya sauti zake za kidoko, Kihadza kiliwekwa kwa muda mrefu katika kapu moja na lugha za Kusini mwa Afrika, na vipindi vingine bado vinarudia uainishaji huo.

Hanang inaleta kesi nzito zaidi. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilianzisha mashamba saba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu na pande zake, takriban hekta 40,000 kwa jumla. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, ambao huhamisha mifugo kulingana na msimu, hivyo sehemu iliyo tupu mwezi mmoja ndiyo inayotegemewa mwezi mwingine. Charles Lane, katika maandishi yake kuhusu Wabarabaig, alionyesha jinsi utupu huo wa muda ulivyosomwa kama ardhi isiyotumika. Hilo ni kosa la kusoma picha. Tambarare ilitazamwa kama mtu anavyotazama fremu moja ya filamu na kudhani ameiona filamu.

Ndani ya tambarare hizo yalikuwamo makaburi ya bung'eda, vichuguu vya udongo vinavyojengwa kwa heshima ya wazee wachache waliostahiki, kwa mazishi yanayodumu miezi. Baadhi yalilimwa kwa matrekta. Kwa Mbarabaig, kichuguu kile kina jina la mtu, ukoo na tarehe inayohesabiwa kwa kumbukumbu ya vizazi. Kwa dereva wa trekta kilikuwa tuta.

Shauri la Baraza la Kijiji cha Mulbadaw na wenzake 67 dhidi ya NAFCO lilipofika Mahakama ya Rufani mwaka 1985, ushindi ambao wanakijiji walikuwa wameupata Mahakama Kuu ulitenguliwa. Baraza halikuwa limethibitisha kwamba lilimilikishwa ardhi kwa utaratibu wa sheria, na wanakijiji hawakuwa wamethibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wenye makaburi ndani ya shamba walitakiwa kuleta uthibitisho kwamba wanatoka hapo. Kichwa cha treni kina kibati chenye namba na mwaka wa kuundwa, na hifadhi ya nyaraka ina faili lake, kwa hiyo mtu mmoja aliyekaa sebuleni anaweza kumsahihisha mtengenezaji wa filamu. Bung'eda haina kibati. Mjuzi wa Hanang anaona kosa kwa usahihi uleule, bali hana karatasi ya kuwekea usahihi wake.

Ikumbukwe kwamba pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kuwa kumlinganisha mtazamaji wa televisheni na mlalamikaji mahakamani ni kuchanganya starehe na dhuluma. Pingamizi hilo ni la haki kuhusu madhara, kwa kuwa hakuna anayepoteza malisho kwa sababu ya rangi ya behewa. Halina haki kuhusu ujuzi. Ujuzi ni uleule: kukijua kitu, wakati wake na mahali pake. Kinachotofautiana ni nani aliyewahi kukiandika kitu hicho, na kwa manufaa ya nani.

Mwaka 2011 jamii za Wahadzabe katika bonde la Yaeda zilipata hati za haki miliki ya kimila kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000. Ili zipatikane, mipaka ilitembelewa, ikapimwa na kuchorwa, na mahali pa kuchimba mizizi na pa kurina asali pakapata nafasi katika ramani kama matumizi ya ardhi. Kwa vipindi vinavyopigwa humo tangu wakati huo, anayesema kwamba bonde ni nyika isiyo na mwenyewe anaweza kuonyeshwa ramani, kama anavyoonyeshwa kibati cha treni anayekosea mwaka.