Mapigo 67 ya Earl Webb

Mwaka 2022 Aaron Judge wa New York Yankees alipokuwa akiisaka homurani ya 62 ya msimu, yaani pigo linalouvusha mpira ukuta wa uwanja, televisheni za Marekani zilikatiza mechi nyingine ili kumwonyesha akiingia kupiga. Mwaka uliofuata Freddie Freeman wa Los Angeles Dodgers aliifukuzia mojawapo ya rekodi kongwe za besiboli, na kelele zilikuwa chache mno.

Rekodi yenyewe ni ya mapigo ya vituo viwili katika msimu mmoja: mpigaji anaupiga mpira, unaangukia ndani ya uwanja, naye anakimbia hadi kituo cha pili kabla walinzi hawajamwahi. Earl Webb wa Boston Red Sox alipata 67 mwaka 1931. Freeman aliishia 59. Tangu 1936, Joe Medwick alipopata 64, hakuna aliyegusa hata 60.

Webb hakuwa nyota. Alitoka Tennessee, na aliwahi kufanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1930 alipata mapigo 30 ya aina hii, mwaka 1932 akapata 28, na katika maisha yake yote ya ligi kuu 155 tu. Mwaka 1931 kulikuwa na nini basi?

Kwanza, uwanja. Fenway Park ya wakati huo, uwanja wa Red Sox, upande wa kushoto ilikuwa na mteremko wa kama mita 3 kwenda juu chini ya ukuta wa mbao. Waliuita Duffy's Cliff. Mlinzi alilazimika kupanda kilima kinyumenyume macho yakiwa angani, na mpira ukimpita, mkimbiaji alishapata nafasi yake. Webb alipiga kwa mkono wa kushoto, na mpigaji wa namna hiyo akichelewesha gongo kidogo tu, mpira huelekea huko huko. Mteremko ulisawazishwa katika ukarabati wa 1934.

Kanuni nayo ilikuwa imegeuka. Zamani mpira uliodunda uwanjani kisha ukarukia kwa watazamaji ulihesabiwa homurani. Kufikia 1931 ligi zote mbili zilikuwa zimeushusha kuwa pigo la vituo viwili.

Wapo waliomshutumu Webb kwamba alikuwa akisimama kituo cha pili makusudi ilhali cha tatu kilikuwa wazi. Shutuma hiyo siipi uzito. Msimu ule alifika kituo cha tatu kwa pigo lake mwenyewe mara 3. Freeman, ambaye hakuna anayemshuku, alifika mara 2.

Tukiziweka hesabu zao pamoja, Freeman anaonekana bora karibu kila mahali. Alicheza mechi 161, Webb 151. Alipata mapigo halali 211, Webb 196. Ila kwa Webb, asilimia 34 ya mapigo hayo yaliishia kituo cha pili; kwa Freeman, 28. Angekuwa na uwiano wa Webb, Freeman angefika 72. Kwa hiyo kuongezwa kwa msimu kutoka mechi 154 hadi 162 hakujamrahisishia mtu kazi.

Na si kwamba mbinu ya Freeman ina kasoro. Mazoezini hulenga mpira ulionyooka, upite juu ya kichwa cha mlinzi aliye kati ya kituo cha pili na cha tatu, na kwa njia hiyo aliivunja rekodi ya klabu, mapigo 52 ya Johnny Frederick, iliyodumu tangu 1929. Kilichomponza ni misuli. Pigo la vituo viwili linataka nguvu isiyozidi: mpira ufike ukutani, usiuvuke. Webb alikuwa na homurani 14, Freeman 29. Nane tu kati ya hizo 29 zingegonga ukuta na kurudi uwanjani, angekuwa amemfikia Webb, lakini hakuna kocha wa Dodgers ambaye angekubali biashara hiyo.