Wanaoifundisha Miguu Upya
Juni 2021, serikali ya Kenya ilipozitangaza kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi, Siaya ikiwemo, kuwa kitovu cha korona, macho yote yalikuwa kwenye mitungi ya oksijeni. Wataalamu wa fiziotherapia hawakuonekana.

Utafiti uliochapishwa na madaktari wa Uingereza mwaka 2013 ulionyesha kwamba msuli wa paja la mgonjwa mahututi hupungua karibu asilimia 18 kwa siku 10 tu. Dawa za steroidi, hizo hizo zinazookoa mapafu, huweza kuudhoofisha zaidi. Ndipo mvuvi wa Bondo, Siaya, aliyezoea kuvuta nyavu anaposhindwa kuinuka chooni.

Tiba ya fiziotherapia haina mbwembwe. Keti ukingoni mwa kitanda. Kidole kimebanwa na kipimo cha oksijeni. Namba ikishuka, pumzika. Inuka. Tena. Mtaalamu amesimama mbele, goti lake likizuia la mgonjwa lisikunjike, kiuno chake mwenyewe kikiuma. Kisha yanakuja mazungumzo ya mayai na omena, maana msuli haujengwi kwa ugali mtupu.

Wiki kadhaa baadaye, mgonjwa anafika mlangoni. Anatweta kidogo, anageuka, anarudi kitandani bila kushikwa.