Kabla ya kushangilia jeli mpya, tuyatazame matone ya Kenya

Kila baada ya muda inavuma habari: wanasayansi wametengeneza jeli au kisahani cha dawa cha kuweka pale uvimbe ulipotolewa, ili saratani isirudi. Wazo lina mantiki. Daktari mpasuaji anakata anachokiona, lakini chembe zilizobaki pembezoni hazioni. Dawa ikikaa palepale inazifikia kwa wingi bila kuutesa mwili mzima. Tatizo ni sisi waandishi wa sayansi: tunasifia nyenzo, tunasahau kuuliza saratani ilirudi kwa wangapi.

Chukua Gliadel, visahani vya polima vyenye dawa ya karmustini vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Hadi visahani 8 huachwa kwenye pengo la uvimbe wa ubongo. Katika jaribio la wagonjwa 240 lililochapishwa mwaka 2003, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 13.9, dhidi ya 11.6 kwa waliowekewa visahani visivyo na dawa. Nafuu ipo, ila ndogo. Dawa hupenya milimita chache tu, wakati chembe za saratani hiyo huwa zimeshasambaa mbali zaidi.

Sasa njoo kwa jirani. Mwaka 2016, Stephen Gichuhi na wenzake walichapisha katika The Lancet Global Health jaribio kuhusu saratani ya utando wa juu wa jicho, ugonjwa unaohusishwa na jua kali na VVU. Katika kliniki 4 za macho nchini Kenya, wagonjwa 98 waliofanyiwa upasuaji waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa matone ya fluorourasili ya asilimia 1, mara 4 kwa siku kwa wiki 4. Wengine matone yasiyo na dawa hiyo. Baada ya mwaka, saratani ilirudi kwa 5 kati ya 47 waliotumia dawa, na kwa 17 kati ya 47 wasioitumia.

Hakuna polima ya ajabu hapo. Ni dawa ya siku nyingi, ikawekwa mahali inapofika kirahisi. Hiyo ndiyo nguvu ya kazi hii.

Udhaifu nao upo. Mwaka mmoja ni mfupi, na wagonjwa 98 ni wachache. Halafu matone yanamtegemea mgonjwa. Mkulima wa mahindi wa Chanika, Handeni, aliyefanyiwa upasuaji KCMC Moshi, atarudi nyumbani na kichupa chake. Akiwa shambani mchana kutwa, nani atamkumbusha tone la tatu? Na nauli ya kurudi kuangaliwa je?

Hapo ndipo nyenzo inayoachia dawa yenyewe polepole ingekuwa na maana kwetu. Basi ipimwe kwa swali hilo, na ishindanishwe na matone hayo, siyo na panya wa maabara peke yake. Ukisoma habari inayofuata ya jeli ya saratani, tafuta kwanza namba mbili: ilirudi kwa wangapi, na walifuatiliwa muda gani. Usipoziona, shangwe isubiri.