Hesabu Inayopigwa Hewani

Mhandisi wa redio hufundishwa mapema kwamba vyombo viwili visitume kwa masafa yaleyale kwa wakati mmoja, maana mawimbi yatavurugana na kipokezi hakitaambulia kitu. Mwaka 2007, Bobak Nazer na Michael Gastpar walionyesha kwamba vurugu hiyo ina faida. Mawimbi yakikutana kwenye antena hujumlishana yenyewe. Kama unachotafuta ni jumla, hewa imekwisha kukufanyia hesabu.

Ipo kazi inayotaka jumla tu. Kibodi ya simu inayobashiri neno linalofuata inaweza kufundishwa bila maandishi ya mtu kutoka kwenye simu yake. Kila simu hujifunza kwa data yake, kisha hutoa orodha ndefu ya namba: marekebisho ya modeli inayobashiri. Kituo kinachozipokea huhitaji wastani wa orodha hizo. Zikitumwa kwa zamu, simu 100 zitataka zamu 100. Zikitumwa pamoja, moja yatosha.

Lakini kuzifanya zitume pamoja ni kazi ya mkono mtulivu.

Mhandisi huanza na namba zenyewe. Kila namba huigeuza kuwa kimo cha wimbi: kubwa, wimbi refu, ndogo, wimbi fupi, hasi, wimbi lililopinduliwa. Kisha hugeukia saa. Kila chombo kina kristali yake ya kuhesabu muda, na hakuna kristali mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Katika masafa ya gigahezi 2.4, tofauti ya sehemu moja kwa milioni humaanisha mizunguko 2,400 kila sekunde. Kwa hiyo husahihisha, hupima, husahihisha tena.

Ugumu wenyewe uko kwenye nafasi ya simu. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita 12.5. Simu ikisogezwa sentimita sita nyuma, kilele cha wimbi lake hufika antenani mahali palipotarajiwa bonde, na badala ya kuongeza hupunguza. Ndiyo maana kituo hutangulia kutuma ishara inayojulikana. Kila simu huisikiliza, hupima jinsi njia ilivyoidhoofisha na kuigeuza, halafu hulipinda wimbi lake kinyume kabla ya kulituma, ili njia ilinyooshe. Napenda sana hatua hii: kosa linarekebishwa kabla halijatokea.

Inafuata nguvu. Simu iliyo mbali huongeza sauti, ya karibu hupunguza, ili zote zisikike sawa. Ile ambayo njia yake imefifia mno hunyamaza duru hiyo. Ikilazimishwa, zote zitalazimika kujishusha hadi kimo chake, na kelele ya kipokezi itazimeza zote.

Kisha zinatuma. Antena inapokea wimbi moja. Kituo kinagawanya jumla kwa idadi ya simu zilizotuma na wastani unapatikana, ukiwa na chembe za kelele ambazo ujifunzaji wa mashine huzivumilia zisipozidi. Mchango wa simu mojamoja haukufika peke yake.

Modeli mpya inarudishwa kwa simu zote, nazo zinajifunza upya. Kabla ya kutuma tena, ishara ya kupima njia inatangulia kama mwanzo, kwa kuwa katikati ya duru mbili mtu amepita, mlango umefunguliwa, na vipimo vya awali havifai tena.