Dhamana ya Kabla ya Kukamatwa: Uhakiki wa Istilahi

Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021. Kabla ya sheria hiyo, Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Kanda ya Musoma alikuwa amekwisha kuandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililouhusu mgodi wa North Mara. Na Februari 2021 Rais John Magufuli alimpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akiisifu kazi hiyo. Hoja ya kwamba lugha yetu haiwezi kuibeba sheria imekwisha jibiwa. Iliyobaki ni ngumu zaidi: je, kila neno tunalolitumia humwambia msomaji kweli?

Tuchukue mfano mmoja. Katika nchi kadhaa, mtu anayehofia kukamatwa huweza kuiomba mahakama iamuru kwamba, siku atakapokamatwa, aachiwe kwa dhamana. India ililiweka jambo hilo katika sheria yake ya 1973, na limo pia katika sheria ya 2023 iliyochukua nafasi yake. Mahakama Kuu ya Kenya nayo hulikubali, mwombaji akionyesha kwamba haki zake zimo hatarini. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya 1985 huzungumzia dhamana ya mtu aliyekwisha kukamatwa au kufikishwa mahakamani. Hata hivyo mfasiri wa Musoma hawezi kulikwepa jambo hili, kwa kuwa mkoa wa Mara umepakana na Kenya, na habari za mashauri ya huko huvuka Sirari pamoja na wasafiri. Aliite nini?

Yako majina matatu yanayokuja upesi kwenye kalamu:

(a) Dhamana tarajiwa. Jina hili ni fupi, lakini linapotosha. Bibi harusi mtarajiwa ni yule anayetarajiwa kuwa bibi harusi. Basi dhamana tarajiwa ni dhamana inayotarajiwa kutolewa. Kumbe kinachotarajiwa hapa ni kukamatwa, si dhamana.

(b) Dhamana ya mapema. Msomaji ataelewa kwamba dhamana imetolewa bila kuchelewa. Mtu aliyekamatwa asubuhi na kuachiwa adhuhuri naye amepata dhamana mapema.

(c) Dhamana ya kinga. Neno kinga limekwisha kazi yake katika sheria: ni kutoshtakiwa kwa mwenye wadhifa fulani. Mwenye dhamana bado aweza kushtakiwa na kufungwa.

Kosa hili si letu peke yetu. Wahindi husema agrim zamanat, yaani dhamana ya kutangulizwa, na hilo zamanat ni ndugu wa dhamana yetu kwa asili ya Kiarabu. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya India yenyewe ilikiri kwamba jina lililozoeleka halilingani na jambo lenyewe, kwani dhamana huanza kufanya kazi mtu akisha kukamatwa.

Pengine itasemwa kwamba haya ni mabishano ya wanalugha. Sivyo. Tuseme kijana wa mkulima wa pamba wa Bunda yumo mahabusu kwa shtaka la dawa za kulevya. Aina na uzito wa dawa, kama ulivyothibitishwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, huweza kuamua kama shtaka lina dhamana au halina. Baba asikia redioni kwamba katika nchi jirani mchunguzi wa maabara, anayetuhumiwa kupokea rushwa na kupotosha ripoti za namna hiyo, amepewa "dhamana tarajiwa". Aweza kuuza ng'ombe ili amwombee mwanawe dhamana hiyo, asijue kwamba haimfai mtu aliyekwisha kukamatwa. Jina lingekuwa wazi, ng'ombe angebaki zizini.

Shauri hilohilo lina mtego wa pili. Magazeti hupenda kuandika "ripoti za kughushi". Kughushi ni kutengeneza hati inayojidai kuwa kitu isicho. Ripoti iliyotoka katika maabara halali, ikatiwa saini na mkemia mwenyewe, lakini ikajazwa uongo, ni hati halisi yenye maelezo ya uongo. Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kosa lake mbali, la kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri. Mfasiri akiyachanganya haya, amebadili shtaka.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipochapisha mwaka 1969 tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara mmoja wa Venisi, aliiita Mabepari wa Venisi. Mmoja akawa wengi, na biashara ikawa ubepari. Mfasiri wa fasihi ana ruhusa ya kutoa hukumu yake katika kichwa cha kitabu. Mfasiri wa mahakama hana, maana hukumu ni ya hakimu.

Kwa hiyo twapendekeza "dhamana ya kabla ya kukamatwa". Ni ndefu, na ukali wa maneno ya India waigusa nayo kidogo, kwa kuwa ombi ndilo hutangulia kukamatwa. Lakini yataja hatua ya shauri, na mwenye ndugu mahabusu hujua papo hapo kwamba si yake. Ufupi ni sifa ya istilahi baada ya ukweli, si kabla yake.