Maneno ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U

Walimu wengi wa Kiingereza huwafundisha wanafunzi wao kwamba herufi Q haiandikwi kamwe pasipo U kuifuata. Kanuni hii ni nyepesi kushika, na kwa maneno ya kila siku haimdanganyi mtu. Lakini kamusi kubwa za lugha hiyo zina maneno yasiyoitii, nayo yamekusanywa katika orodha fupi kwa ajili ya wachezaji wa Scrabble, mchezo ambao Q yake ni moja tu, na thamani yake alama 10. Twataka kuzipima orodha hizo hapa, tuone kama zamfaa mwalimu kama zinavyomfaa mchezaji.

Kwanza yafaa tujue kanuni yenyewe ilitoka wapi. Waingereza wa kale waliandika neno lao la malkia kwa herufi C na W, yaani cwen. Baada ya Wanormani kuishinda nchi mwaka 1066, waandishi walifuata desturi ya Kifaransa na Kilatini, wakaweka QU mahali pa CW. Basi desturi hiyo si tabia ya Kiingereza tangu asili. Ni vazi la kuazima. Na Q yenyewe ilitoka mbali zaidi. Walatini waliipata kwa njia ya Wayunani, nao Wayunani kwa Wafoinike, ambao herufi yao ndiyo mzazi wa qaf ya Waarabu pia. Kwa hiyo neno la Kiarabu liandikwapo kwa Q pasipo U, herufi haikuharibiwa. Imerudi kwa jamaa zake.

Sasa tuzitazame orodha. Sifa yao ni usahihi wa tahajia, na hapo hatuna neno. Kosa lao ni kulipa kila neno maana ya maneno matatu au manne, kisha kuliacha peke yake, kana kwamba halina nyumbani. Twasoma qadi, qibla, talaq, waqf, faqir, suq. Mwingereza huyaona haya kuwa mageni yote. Bali mwanafunzi wetu anayo tangu utotoni: kadhi, kibla, talaka, wakfu, fakiri, soko. Mwalimu anayemkaririsha mtoto kwamba suq ni mahali pa kuuzia bidhaa, pasipo kumwambia kwamba ndilo soko la mama yake, amemtwika mzigo usio wa lazima.

Tena maana fupi hupotosha. Qadi huelezwa kuwa hakimu wa Waislamu, basi. Lakini msomaji wa Kenya ajua kwamba mahakama ya kadhi, iliyotajwa katika Katiba ya mwaka 2010, huamua mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, na hayo kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa hapo. Haiamui kila shauri la Mwislamu. Qat nayo huelezwa kuwa mti ambao majani yake hutafunwa. Huko Meru, ambako twauita miraa au mirungi, kinachotafunwa hasa ni ganda la vijiti vichanga. Orodha haikusema uongo, ila imesema habari ya Yemeni kana kwamba ni ya dunia nzima.

Neno linalotufundisha kuliko yote ni qanun. Katika Kiingereza ni neno la nadra, nalo ni jina la ala yenye nyuzi nyingi zinazodonolewa, ile isikiwayo katika taarabu ya Unguja. Lakini kwa Waarabu neno hilohilo lina maana ya sheria pia, na kwa maana hiyo ndilo kanuni yetu, tulilolitumia mwanzoni mwa makala haya. Waarabu walilipata kwa Wayunani, ambao kwao kanon ilikuwa fimbo iliyonyoka, kisha kipimo, kisha sheria. Kwa njia ya Kilatini neno hilo lilifika Kiingereza mara ya pili, likiandikwa canon, nalo ndilo jina la sheria za Kanisa. Hivyo padri anayezisoma sheria hizo na mpigaji wa taarabu wanatumia neno moja, ambalo wataalamu hulipeleka nyuma hadi unyasi au tete katika lugha za Kisemiti. Qanat, mfereji unaochimbwa chini ya ardhi huko Iran, ni wa ukoo uo huo. Hayo yote orodha imeyanyamazia.

Hata hivyo mwalimu asivuke mpaka akadhani kila Q ya namna hii ni ya Kiarabu. Qi ni pumzi au nguvu ya uhai kwa Wachina. Qiviut ni sufu laini ya mnyama wa nchi za baridi kali, na neno ni la Wainuiti. Qintar ilikuwa sarafu ndogo ya Albania. Qoph ni herufi ya 19 ya Kiebrania, inayoongoza fungu lake katika Zaburi ya 119. Qwerty si neno la taifa lolote, bali ni herufi sita za kwanza za taipureta zikisomwa kwa mfululizo.

Labda mtu atatuuliza: je, Kiswahili nacho kiirudie Q? Twaona sivyo. Tahajia yetu hufuata sauti inayotamkwa na wengi, na wengi hutamka K. Ila tusijifiche hasara yake. Wazee walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliweza kuitenga qaf na kaf, na tofauti hiyo si ndogo, maana kwa Waarabu qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Sisi tumeiacha, nacho Kiingereza, lugha isiyo jirani ya Kiarabu, kimeihifadhi katika maneno yake ya pembeni.

Basi twamshauri mwalimu azitumie orodha hizo, lakini asiziache kama alivyozikuta. Kando ya kila neno aandike ndugu yake wa Kiswahili, kama yupo, na nchi lilikotoka. Hapo mtoto hatajifunza alama 10 tu, bali atajua kwamba lugha aliyozaliwa nayo ilikwisha kulipokea neno hilo kabla hajaingia darasani.